Marehemu Feruzi Atatangaza Mshindi

Nchi ya Shwari ipo, ila msinisumbue kuniuliza iko upande gani. Jiografia niliiachia darasa la nne, na mwalimu wetu alihamishwa kabla hatujafika kwenye mipaka. Ninachojua ni kwamba ina amani nyingi. Amani imejaa mpaka imewekewa askari wenye mbwa, isije ikatoka.

Huko Shwari kuna uchaguzi kila baada ya miaka mitano, na kuna televisheni moja, na shida ya nchi nzima ilikuwa hiyo tu: televisheni iseme saa ngapi nani ameshinda. Nani ameshinda haikuwa shida. Mheshimiwa Kigongo alikuwa ameshinda mara nne, na mara ya kwanza hata uchaguzi wenyewe haukuwapo.

Mwaka mmoja televisheni ilitangaza siku ya nne baada ya kura. Watu wakasema, siku nne mnapika nini humo jikoni? Wakatoka barabarani kuuliza, na waliouliza kwa sauti kubwa hawakurudi nyumbani. Uchaguzi uliofuata, kwa kuyaogopa maswali, wakatangaza saa sita mchana, foleni zimesimama. Wilaya za magharibi watu walikuwa na redio zao ndogo mkononi, wakasikia kura zao zimeshahesabiwa nao hawajazipiga. Wengine wakaenda zao shamba. Wengine wakakataa kutoka kwenye foleni, wakaambiwa kupiga kura baada ya matokeo ni kuyapinga matokeo, na hilo ni kosa. Bwana mmoja akauliza, "Na nikimpigia huyohuyo aliyeshinda?" Akaambiwa hiyo ni kejeli, kosa kubwa zaidi.

Basi Mheshimiwa akaunda Kamati ya Saa. Watu kumi na mmoja wakazunguka dunia miezi minane wakiulizia saa ya kutangaza. Walirudi wamenenepa, na ripoti ya kurasa mia sita, ambayo mwenyekiti wao, Jaji mstaafu Nyamtanga, aliifupisha hivi:

"Ndugu wananchi, kamati imebaini kwamba tatizo la saa si saa. Mwananchi haangalii ameambiwa lini, anaangalia ameambiwa na nani. Tukimpata mtu ambaye hajawahi kusema uongo, hata akitangaza jana yake ataaminika. Kwa hiyo tunapendekeza sheria: matokeo si matokeo mpaka yasomwe na sauti ya mtu huyo."

Wakaanza kumtafuta mtu huyo. Serikalini hawakumpata, na wala hawakuhangaika sana kumtafuta huko. Wakampata mdogo wangu, Feruzi Mwinyikombo.

*

Feruzi alisoma matangazo ya vifo redioni kwa miaka thelathini na moja. Kila siku saa saba mchana, wali unapakuliwa, nchi nzima inanyamaza kusikiliza nani katangulia. Alikuwa na sauti kama ya mtu anayekufunika shuka. Na mwisho wa kila tangazo alisema, "Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo." Hapo ndipo mwenye kulia analia. Kabla ya hapo, hata kama maiti umemwosha kwa mikono yako, unajiona kama unamsingizia.

Alikuwa na kawaida moja, wakubwa zake wakimcheka nayo. Hakusoma kifo cha mtu mpaka watu wawili wa nyumba ile waje wamwambie kwa midomo yao. "Umemwona?" atamuuliza wa kwanza. "Na wewe umemwona?" atamuuliza wa pili. Ndipo anashika kalamu. Siku moja aliletewa kifo cha waziri kwa barua yenye mihuri mitatu. Akasema mihuri haina macho, nileteeni watu wawili. Hao watu wawili wakiwa bado wanatafutwa, waziri akaamka, akaagiza supu. Toka siku hiyo Feruzi akawa haguswi.

Lakini wakati Kamati ya Saa inampata, kifua kilikuwa kimeshamchoka. Alikohoa hata akicheka, na alikuwa mtu wa kucheka. Mkurugenzi wa Televisheni, kijana mmoja aitwaye Kwilasa, mwenye suti tatu na hoja moja, akamwita ofisini.

"Mzee Feruzi, afya yako ni mali ya umma, na umma unakuona unakohoa. Tutarekodi mapema."

"Mapema vipi, na kura hazijapigwa?"

"Tutarekodi kila kitu, Mzee. Majina yote, namba zote. Siku ikifika mafundi wataunganisha. Wewe utakuwa nyumbani unakunywa uji."

Feruzi akarekodi mbele ya kamera. Kwa upande wa Mheshimiwa Kigongo, walimsomesha namba kuanzia asilimia themanini mpaka mia, na mia na moja na mia na mbili kwa tahadhari. Mpinzani alikuwa Bi Asteria Lukumbo, mkunga mstaafu. Nusu ya nchi ilipita mikononi mwake ikiwa haina nguo, wakiwamo mawaziri sita, kwa hiyo hakuwa mtu wa kutishika. Kwake walirekodi jina, sifuri mpaka ishirini, na neno "ameshindwa."

"Na akishinda?" Feruzi akauliza.

"Mzee wangu, hatuwezi kurekodi kila ndoto ya mtu."

Kulikuwa na kero moja tu. Kila akifika kwenye "amechaguliwa tena kuwa Rais wa Jamhuri ya Shwari," mdomo wa Feruzi ulikuwa unaendelea wenyewe: "Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo." Walimsimamisha mara saba.

"Mzee, huyu hajafa," Kwilasa akamwambia.

"Samahani, mwanangu. Mdomo umezoea."

Mara ya nane mafundi wakachoka, wakasema watakuja kukikata kile kipande mbele ya safari.

Alirudi nyumbani amenuna. Mkewe, Zawena, alikuwa jikoni anakuna nazi, mie nimekaa uani nachambua mchele. "Habari nusu si habari," akasema, akapita. Akaingia chumbani na ile redio yake kuukuu ya kanda, akafunga mlango. Tukamsikia anasomasoma na kukohoa, maneno hatukuyapata. Alipotoka alikuwa na kanda ameifunga kwenye leso.

"Dada, kaa nayo," akaniambia. "Nimemsoma na yule mwingine, siku wakimhitaji awepo. Zawena nikimpa ataiweka mahali pazuri mpaka isionekane tena."

"Nakusikia," Zawena akasema jikoni.

Nikaitia kwenye kikapu changu, chini ya tambuu.

*

Alhamisi, adhana ya alfajiri imeshapita, Zawena aliniita. Uchaguzi ulikuwa Jumapili. Feruzi alikuwa amelala kwa ubavu, mkono chini ya shavu, kama mtu anayesikiliza.

Tulisimama pale, mie na wifi yangu. Mwisho Zawena akaniuliza polepole:

"Umemwona?"

"Nimemwona," nikasema. "Na wewe umemwona?"

"Nimemwona."

Kwetu maiti halazwi. Aliyekufa alfajiri, adhuhuri amezikwa, na kama amechelewa sana basi alasiri. Nikatuma kuitwa waoshaji. Waoshaji hawakufika. Aliyefika ni Kwilasa, na suti yake nyeusi. Nikafikiri kijana ana adabu, kumbe ndiyo iliyokuwa zamu yake.

"Mama, pole," akamwambia Zawena. "Lakini pole hii ni ya faragha. Taifa bado halijampa ruhusa."

"Ruhusa ya nini?"

"Ya kufariki. Marehemu ndiye atakayetangaza mshindi Jumapili. Ikijulikana kwamba marehemu ni marehemu, matokeo yatakuwa yamesomwa na maiti. Wapinzani watasema nini?"

"Watasema amekufa," Zawena akajibu.

"Ndiyo hilo tunalolikwepa."

Wakamchukua kwenye gari la televisheni lililoandikwa ubavuni *Tunakuletea Ukweli Ulipo*. Hospitali hawakutaka, walisema wauguzi wana midomo. Wakamweka kwenye chumba cha baridi cha jengo lao, kule wanakohifadhi mitambo isipate joto. Mlinzi akanipa daftari nitie sahihi kama ndugu. Alikuwa ameandika: *Kifaa cha sauti, kimoja. Kisiguswe.* Nikatia sahihi. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri siku ile, sijui kwa nini.

Kisha Zawena akapewa maagizo. Asivae nguo nyeupe. Asitandike mkeka nje. Asilie kwa namna inayosikika. Aende sokoni kama kawaida, maana mke asiyekwenda sokoni huzua maswali. Na bintiye Subira, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, asipigiwe simu, kwa kuwa simu za Shwari zinasikilizwa na watu wengi.

Zawena akauliza, "Na eda yangu? Mwenye eda hatoki nje miezi minne na siku kumi. Nikakae sokoni nimefiwa?"

Hilo Kwilasa hakulijua, akamleta Sheikh wa Baraza la Serikali. Sheikh alikaa, akanywa chai, akafumba macho muda mrefu hata nikadhani na yeye ametangulia. Kisha akatoa fatwa.

"Bibi, eda huanza pale kifo kinapothibiti. Kifo cha mtu wa televisheni huthibiti kwenye televisheni. Siku anaijua Mungu, lakini tarehe ni ya serikali."

*

Basi wifi yangu akaenda sokoni Alhamisi, na Ijumaa, na Jumamosi. Alivaa lile gauni la maua mekundu, kwa agizo. Nilikuwa nyuma yake na kikapu, na nyuma yangu bwana mmoja wa miwani, ambaye kila tukisimama alikuwa anabonyeza maembe asiyoyanunua.

Zawena hununua vipande viwili vya samaki, kimoja chake kimoja cha mumewe, miaka thelathini na zaidi. Ijumaa muuza samaki, Mwanahawa, hakuhitaji kuambiwa.

"Viwili, shoga. Haya, na Baba Subira kifua hakijambo?"

"Hakijambo," Zawena akasema. "Tangu jana hakohoi."

"Alhamdulillahi. Dawa imemkubali."

"Imemkubali."

"Mwambie namsubiri Jumapili. Nimewaambia wanangu, mkinisomea matokeo kwenye simu zenu sitaki, mimi mpaka nimsikie Feruzi. Wewe una bahati, unamsikia bure."

Zawena akacheka. Wallahi alicheka, kidogo, kama mtu aliyekabwa. Bwana wa miwani akaandika kitu.

Nyumbani alikaanga vipande vyote viwili. Kimoja alikiweka kwenye sahani ya Feruzi, akakifunika kawa, kwa sababu dirisha lilikuwa wazi na majirani wanaona. Tukakaa mezani mbele ya sahani tatu. Alasiri alifunua kawa, akampa paka. Siku tatu yule paka alikula siri ya serikali, akawa anatutazama kama anayejua.

Ijumaa baada ya chakula nikamwuliza, "Wifi, unafikiria nini?"

"Baridi," akasema. "Kifua chake hakiwezi baridi."

Nikamwambia ajaribu kulala. Akasema eda yake ameanza kuihesabu toka Alhamisi, Sheikh apende asipende, na kila akivuka kizingiti anamwomba Mungu asimwandikie.

*

Jumapili tulipiga kura mapema. Kwenye daftari la kituo tulimkuta Feruzi ameshapiga, saa moja na dakika mbili asubuhi, na alama ya dole gumba imekaa vizuri kabisa. Zawena akaligusa lile jina kwa kidole chake chenye wino. Karani akamwambia asichafue nyaraka.

Kutoka pale tulikwenda moja kwa moja kwenye jengo la televisheni, kukaa kwenye benchi la ukumbini. Watu wazima wa kike wawili kwenye benchi hawahesabiki, tulipitwa na wakubwa wote wa nchi. Kila Kwilasa alipotokea, Zawena alisimama.

"Mwanangu, tangaza basi. Kila mtu anajua utakachosema. Sema sasa hivi, unipe mume wangu."

Nilifikiri nimesikia vibaya. Uchaguzi uliopita watu wa Shwari walipata kesi kwa kuitaka televisheni ingoje. Na sasa huyu, mjane wa Feruzi, yuko pale anaiomba iharakishe.

Kwilasa akaingiza mikono mifukoni. "Mama, demokrasia haina papara. Sheria inakataza kutangaza kabla kituo cha mwisho hakijafungwa. Kituo cha mwisho ni Mlima Kitope. Wapiga kura saba, na mmoja anakuja na punda. Je, mimi ni nani nimnyime haki yake mwananchi wa punda?"

"Atafika saa ngapi?"

"Labda kesho."

Zawena akakaa. Akatazama mlango wa chuma kule mwisho wa ukumbi, wenye kibandiko cha mtu anayetetemeka kwa baridi. Hatua ishirini na mbili. Najua kwa sababu alizitembea mara nyingi, akifika mlangoni anageuka.

Sasa, Shwari hawangoji kituo kifungwe ndipo wahesabu. Hufunua masanduku kila baada ya saa moja, kuangalia kama kura zinaiva. Saa sita karatasi za kwanza zikapita mbele yetu mikononi mwa wasichana wa ofisi. Saa saba zikapita nyingine, mbiombio. Saa nane Kwilasa alitoka bila koti, jasho limemchora mgongoni ramani ya nchi jirani. Nikasikia msichana mmoja anamnong'oneza mwenzake: mkunga, sitini na moja.

Robo saa baadaye kituo cha Mlima Kitope kilikuwa hakina maana tena. "Kitope watatuelewa," Kwilasa alikuwa anasema kwenye simu. "Punda pia atatuelewa. Tunatangaza sasa."

Lakini Jaji Nyamtanga, ambaye bila sahihi yake matokeo hayatoki, akagoma kutia sahihi. Hakugoma kama shujaa. Aligoma kama mzee anayeogopa ngazi, ameshika ukuta. Wakatuita ofisini kwake, maana sheria ile aliiandika mwenyewe na alikuwa ameisoma peke yake.

"Mama," akamwambia Zawena, "sheria inasema matokeo si matokeo mpaka yasomwe na sauti ya mumeo. Kwenye mitambo yetu sauti ya mumeo inajua kumtangaza mmoja tu. Kura zinamtaja mwingine. Kama kuna mahali popote sauti ya Feruzi imemtaja huyo mwingine kwamba ameshinda, mimi nitasaini. Nimebakiza miaka michache, nitasaini. Kama haipo, basi nitasaini hii iliyopo. Je, ipo?"

Nikahisi kikapu kimekuwa kizito mapajani. Zawena hakunitazama.

Kwilasa akaingilia, kwa upole kabisa. "Ikiwapo, Mama, hatutaikataa. Tutaunda kamati ya kuihakiki. Siku kumi na nne, labda ishirini na moja. Kifaa itabidi kibaki palepale kwa ajili ya kulinganisha sauti."

Kwenye ukuta kulikuwa na saa kubwa ya Kamati ya Saa, waliyoileta kutoka safari zao.

"Sasa ni saa ngapi?" Zawena akauliza.

"Saa nane na dakika hamsini."

Niliona anahesabu. Kuosha, kukafini, kuswalia, njia ya makaburini. Jua la kwetu linazama saa kumi na mbili na nusu. Siku ya nne hiyo.

"Hakuna," akasema.

Jaji akatazama chini. Sijui alikuwa anatafuta nini. Labda alitaka kuzuiwa. Kisha akakumbuka kawaida ya Feruzi, ambayo nchi nzima inaijua.

"Shahidi wa pili?" akaniuliza mie. "Na wewe?"

Nimesema maneno mengi maishani, mengi ya upuuzi. Hilo moja nalijua uzito wake.

"Hakuna," nikasema.

Akasaini.

*

Walitangaza saa tisa na robo. Foleni zilikuwa bado zimesimama nchi nzima, watu wameshika vitambulisho. Mafundi waliunganisha vipande kwa haraka ya mtu anayekimbiwa na basi: jina la Mheshimiwa, asilimia themanini na tisa, jina la Bi Asteria, ameshindwa. Tulimwona Feruzi kwenye televisheni ya pale ukumbini, kanzu nyeupe na koti lake la Idi, mzima, anatazama mbele.

"Mheshimiwa Kigongo amechaguliwa tena kuwa Rais wa Jamhuri ya Shwari," akasema. Akavuta pumzi. "Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo."

Kile kipande walisahau kukikata.

Zawena alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, kwenye hatua ya kumi au kumi na moja. Akashika kichwa na kulia. Siku nne za kilio zilitoka kwa mara moja, wala Kwilasa hakumzuia, alikuwa anawafokea mafundi. Nikalia naye. Halafu wale wasichana wa karatasi wakalia. Mlinzi wa daftari akavua kofia.

Huko nje, nilihadithiwa baadaye, ilikuwa hivyohivyo. Miaka thelathini na moja watu wamefundishwa kwamba maneno yale yakisemwa, kuna mtu ametoka. Kwenye foleni wanawake walijitupia kanga vichwani, wanaume wakakaa chini palepale vumbini. Mwanahawa akafunika samaki zake. Hakuna aliyerusha jiwe, hakuna aliyepaza sauti. Ukimwuliza mtu unamlilia nani hakuwa na jina la kukupa, alikuwa na msiba tu. Jioni taarifa ya serikali ikasema wananchi wameyapokea matokeo kwa utulivu, na wengi wamebubujikwa na machozi ya furaha. Kamati ya Saa ikatunukiwa nishani, kwa kuwa hatimaye imepatikana saa isiyo na vurugu.

Subira akanipigia simu kutoka ng'ambo, tuko njiani na jeneza.

"Shangazi, nimemsikia baba. Mbona kama amejitangaza?"

Nikaelekeza simu kwa watu, asikie wanavyoitikia shahada.

Tulimzika saa kumi na mbili na dakika kumi. Jua lilikuwa bado lipo, si jingi. Walipomteremsha, mwoshaji mmoja, ambaye hakuambiwa kitu, akasema kwa mshangao kwamba hajawahi kushika maiti wa mchana huohuo aliye baridi namna ile. Cheti cha kifo tulikuta kimeshaandikwa: amefariki Jumapili, saa tisa na dakika kumi na sita, kwa furaha.

*

Bi Asteria alikuja kuhani wiki ya tatu. Walikuwa wamempa ulinzi, askari wawili wa kumlinda asiende anakotaka. Lakini nyumba ya mwenye eda haiingii mwanamume asiye maharimu, hata awe na bunduki. Wakabaki barazani, nikawapelekea kahawa ya kuwatuliza, nikafunga mlango.

Ni mwanamke mfupi, mikono mikubwa. Alikaa mkekani na Zawena, goti kwa goti, akashika mkono wake kama anayepima mapigo. Zawena alikuwa na nguo zake nyeupe. Hakuwa anakula vizuri.

"Nilikuwa na kura yako," Zawena akasema. "Ilikuwa kikapuni kwa wifi yangu. Waliniuliza, nikasema hakuna. Nilitaka nimzike."

Nikasema, "Nami niliulizwa."

Bi Asteria akaachia mkono. Akatazama dirisha muda mrefu, nikasema moyoni, atasimama aondoke, na haki yake. Kule barazani askari walikuwa wanabishana kuhusu mpira.

"Siku nne," akasema.

"Siku nne," Zawena akaitikia.

"Kwenye chumba cha mitambo."

"Ndiyo."

Akavuta pumzi, akaitoa polepole, kama wanavyofundisha wao wenye kazi ile. "Siwezi kukwambia ulifanya vizuri, mdogo wangu. Watu walisimama juani toka alfajiri. Lakini huna deni kwangu. Hiyo kanda mnayo bado?"

Nikaitoa chini ya tambuu. Ilikuwa na harufu ya karafuu. Hakuna aliyewahi kuisikiliza, mie sikuthubutu, Zawena hakuomba. Tukaitia kwenye ile redio kuukuu, tukaweka sauti chini, tukainamisha vichwa vyote vitatu.

Kikohozi kwanza. Kisha akasafisha koo.

"Bi Asteria Lukumbo amechaguliwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Shwari."

Bi Asteria alifumba macho. Sisi tukangoja yale maneno mengine, ya habari ziwafikie, maana mdomo wake ulikuwa umezoea. Hayakuja. Safari hii hakukosea. Kulikuwa na kimya, na mbali ndani ya kimya hicho sauti ya nazi inakunwa. Halafu Feruzi, amegeukia mlango, kwa ile sauti yake ya nyumbani ambayo redioni hawakuijua:

"Mama Subira. Nimesoma vizuri?"

Nazi ikaendelea kukunwa. Siku ile Zawena hakumsikia. Kanda ikazunguka tupu, ikafika mwisho, kitufe kikaruka chenyewe.

Zawena akalaza kiganja juu ya redio, ilikuwa bado ina joto.

"Umesoma vizuri, Baba Subira," akasema. "Njoo ule."